Mvukuto wa Nakijwa

Siku ngozi ya mlango iliposhushwa, waliokuwamo katika pango la Kirindi ni hawa. Alikuwamo Kallaghe, mshika ngozi, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kuufunga, na kuhesabu watu. Alikuwamo Semvua, mdogo wa marehemu Senzota mhunzi, mtu wa maneno mengi na kazi kidogo. Alikuwamo Mauya, mwenye hasira za karibu. Alikuwamo Nanzia, mke wa Mauya, mwenye mimba iliyotimia. Alikuwamo Nakijwa, mjane wa Senzota na mama yake Nanzia, mkubwa wa wote kwa umri. Na walikuwamo wengine thelathini na watano, ambao majina yao yanakumbukwa na koo zao. Jumla yao ilikuwa watu arobaini, na arobaini ndiyo hesabu iliyoruhusiwa.

Zama hizo dunia haikuwa na hewa juu yake. Hewa ilikuwa ndani ya mapango tu, kama maji yanavyokaa ndani ya mtungi. Nje hapakuwa na upepo, wala wingu, wala mvua, wala sauti. Aliyepiga kelele nje alifungua mdomo bure, kwa maana hapakuwa na kitu cha kuibeba sauti yake. Mbingu ilikuwa nyeusi hata adhuhuri, na nyota zilionekana kando ya jua. Jua lenyewe lilipiga ardhi mpaka mawe yakapasuka. Lilipotua, baridi ilishuka ghafla, na mawe yale yale yakapasuka tena. Kisha kulikuwa na mawe ya juu. Hayo yalianguka wakati wowote bila mlio. Mtu aligeuka akaona mwenzake hayupo, na pale alipokuwa amesimama pana shimo. Ndivyo alivyokufa Senzota, akiokota mawe ya chuma hatua thelathini kutoka mlangoni.

Watu waliishi kwa viazi vilivyoota katika nyufa za mwamba, mahali ambapo hewa kidogo ilivuja kutoka ndani. Kuvichimba kulitaka mtu abane pumzi. Mtoto wa Kirindi alifundishwa kubana pumzi kabla ya kufundishwa kutembea. Mtu mzima hodari aliweza kutoka, kuchimba kiazi kimoja, na kurudi. Kallaghe aliweza kuchimba vitatu.

Mlango wa pango ulifungwa kwa ngozi saba za nyati zilizoshonwa pamoja na kupakwa mafuta, ili hewa isipotee. Na kwa kuwa hewa ilikuwa ya watu arobaini, palikuwa na sheria. Mtoto akizaliwa, mkubwa wa wote hutoka. Mshika ngozi huinua pembe ya ngozi, mzee huinama akapita, na pembe hurudishwa. Hakuna aliyelia, kwa sababu kulia hutumia hewa. Kirindi hapakuwa na kaburi hata moja la mtu aliyekufa kwa uzee.

Nakijwa alikuwa ameona watu kumi na mmoja wakitoka. Sasa mimba ya Nanzia ilikuwa imeshuka, na watu walianza kumsemesha yeye kwa upole mno, kama asemeshwavyo mgeni anayefunga mizigo. Upole ule ulimkera kuliko sheria yenyewe.

Alikuwa amekaa miaka thelathini mbele ya mvukuto wa mumewe, mfuko mdogo wa ngozi ya pimbi, akivukuta moto wa kufulia majembe. Kiwanda cha Senzota kilikuwa nyuma kabisa ya pango, karibu na ufa uliotoa hewa. Katika miaka hiyo Nakijwa aliona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwa kuwa hawakukaa pale. Kila alipovukuta sana, ufa ulipumua sana. Kila alipopumzika siku nyingi, ufa ulilegea. Lakini wakubwa wa Kirindi walihesabu kwa njia nyingine. Waliona moto unakula hewa, wakaukataza. Ufa ukalegea zaidi. Wakaona hewa inapungua, wakaongeza tabaka la mafuta kwenye ngozi ya mlango, na hesabu ya watu wakaishusha kutoka hamsini hadi arobaini. Ufa ukazidi kulala.

Alijaribu kuwaeleza. "Nilipomwachisha Nanzia ziwa," aliwaambia, "maziwa yalikauka siku ya tano. Alipokuwa akinyonya hayakuisha. Mlima huu ni hivyo hivyo. Mmeuachisha ziwa, halafu mnalia njaa."

Wakamjibu kwamba kila mwenye zamu ya kutoka huja na neno lake.

Basi akaacha kueleza, akaanza kufanya kazi. Alifinyanga bomba la udongo, nene kama paja. Alichonga miti miwili mirefu ya kushikia. Alinoa msharasi wa Senzota mpaka ukatoboa ngozi kwa kuguswa tu. Semvua, aliyekuwa akipita mara kwa mara kutafuta mtu wa kuzungumza naye, alisimama akatazama lile bomba.

"Shemeji, hilo la nini? Moto wenyewe umekatazwa."

"La kupikia maneno yako," Nakijwa akasema. "Yamezidi, hayaingii chunguni."

Semvua akacheka, kisha akakumbuka hesabu, akanyamaza. Baada ya Nakijwa, aliyefuata kwa umri alikuwa yeye.

"Mimi nakufuata kwa miaka, shemeji," akasema taratibu. "Kwa mguu usinihesabu."

"Basi siku nitakayokuita, uje mbio."

Uchungu wa Nanzia ulianza asubuhi. Wanawake wawili walimlaza pembeni, na Kallaghe akaenda kukaa karibu naye, maana ilimpasa mshika ngozi kusikia kilio cha kwanza ili ajue wakati. Mlangoni alimwacha Mauya. Nakijwa aliona Kallaghe yuko nyuma na mlango unalindwa na mkwewe, akajua hatapata nafasi nyingine kama ile. Akatembea moja kwa moja hadi mlangoni, akatoa kisu, akakata kamba ya kwanza.

"Mama!" Mauya akapiga kelele. "Unafanya nini?"

Akakata ya pili, na ya tatu. Ngozi ikalegea upande mmoja, na watu wote wakasikia mlio ambao hawakuwahi kuusikia, hewa ikitoka nje. Mauya akaruka. Lakini Nakijwa alikuwa amekwisha kuivuta ngozi na kujizungushia mwilini, mzima mzima, kama mtu ajifunikaye kwa baridi. Akamtazama.

"Nishike basi, mkwe. Watu wote hawa ni mashahidi."

Mauya akarudisha mikono yake nyuma kama aliyeungua. Kirindi mkwe hakumgusa mama mkwe wake, hata kwa kumpokea mzigo. Mzigo uliwekwa chini, ndipo mwingine akauokota. Akabaki anapiga mwamba kwa ngumi, akilia kwa hasira, huku mama mkwe wake akizikata kamba zilizobaki mbele ya macho yake.

Kallaghe alifika mbio, lakini mlango ulikuwa wazi. Mwanga wa jua uliingia pangoni kwa mara ya kwanza, mweupe, mkali, ukakatisha sakafu kama panga.

"Mama Nanzia, unatuua," akasema.

"Nyamaza. Unatumia hewa," Nakijwa akasema, akampita na ngozi yake.

Alipoifikisha nyuma ya pango akaikunja mara mbili, akaanza kushona. Hapo ndipo mafunzo ya Kirindi yalipowafaa watu wake. Mmoja mmoja walikaa chini, wakabana pumzi. Hawakubana kwa kumkubali. Walibana kwa sababu hewa inapokimbia ndivyo walivyofundishwa. Pango likawa kimya, isipokuwa msharasi ukitoboa na uzi wa mshipa ukipita. Nakijwa alishona bila kupumua. Alipomaliza, kingo zimekaza, miti imeingia, bomba limefungwa, macho yake yalikuwa yanaona giza pembeni. Akauweka mvukuto juu ya ufa, mdomo wa bomba ukielekea mlangoni.

"Semvua," akaita. "Nimekuita."

Semvua alikuja, ingawa si mbio. Akashika miti, akavukuta. Alivukuta huku shingo imegeuka kuutazama mlango, akiogopa kusombwa, na kila pigo lilikwenda upande wake. Ufa ulikohoa, ukatoa hewa nyepesi na chache. Hewa ile ikatoka nje, ikapanda, ikatawanyika, na nyingine ikapotelea kabisa kwenye nyota.

"Tunamwaga, shemeji," akasema. "Hakuna kinachobaki."

"Mwaga. Mauya, pokea."

Mauya alipokea kwa hasira yote aliyokuwa nayo. Hakuweza kumgusa mama mkwe wake, basi akaupiga mvukuto kana kwamba ndio uliomtukana. Hewa aliyoitoa ilikuwa ya moto kama pumzi ya fahali, lakini kwa pupa yake hakuusubiri mfuko kujaa. Kila pigo lilitoa hewa moto sana na chache sana. Ikaisukuma ile ya Semvua juu zaidi, ikakaa chini yake. Alivukuta mpaka akaanguka.

Ndani ya pango hewa ilikuwa imepungua hata watu wakaona vidole vyao vinageuka rangi. Nanzia aliguna pembeni. Nakijwa aliutazama mvukuto usio na mtu, akamtazama Kallaghe, mwenye kifua kikubwa kuliko wote Kirindi.

"Zamu yako."

Kallaghe hakusogea. "Baba yangu nilimfungulia mimi mwenyewe," akasema. "Kwa mkono huu. Unajua alisema nini alipoinama kupita? Alisema, funga upesi, mwanangu, isipotee."

"Najua. Nilikuwapo."

"Kama ulisemalo ni kweli, Mama Nanzia, baba yangu alikufa bure."

Wote walimtazama Nakijwa. Angeweza kutafuta neno la kumpoza, na hewa kidogo iliyokuwapo ilimruhusu neno moja tu.

"Ndiyo," akasema.

Kallaghe alisimama pale muda ambao mtu wa kawaida hawezi kubana pumzi. Halafu akashika miti. Alivukuta bila neno, uso mkavu, na hewa aliyoitoa ilikuwa ya baridi kuliko zote, baridi ya mtu aliyeamua kutosamehe. Ilitoka nje ikatanda chini ya ile ya Mauya. Wakati huohuo jiwe la juu likaanguka, kama mawe hayo yalivyozoea, kuelekea mlango ule uliokuwa wazi. Watu waliokuwa karibu waliliona likija. Lilipita hewa ya Semvua, likapita ya Mauya, lakini lilipoigusa ya Kallaghe likashika moto, likawa mstari wa mwanga, likaisha. Halikufika chini.

Kallaghe naye aliliona. Akavukuta kwa nguvu zaidi.

"Nisaidieni niinuke," Nanzia akasema kutoka pembeni.

"Wewe lala," Mauya akamwambia, akiwa bado chali.

"Nilale nani avukute? Wewe?"

Wanawake wakamwinua. Nanzia alivukuta katikati ya uchungu mmoja na mwingine, polepole, sawasawa, kama apumuavyo mwanamke aliyefundishwa na mama yake namna ya kuzaa. Hewa yake ilitoka imetulia, ikatanda bila mawimbi chini ya ile ya Kallaghe. Kisha akaona jambo. Miale ya jua iliyopita mlangoni ilikuwa bado inaunguza. Mahali ilipogusa mguu wake, ngozi ilikuwa imevimba. Akafungua mbeleko aliyokuwa ameiandaa kwa mtoto, kipande chembamba cha ngozi laini, akaitia katika mdomo wa bomba, akavukuta. Mbeleko ikapaa pamoja na hewa yake, ikajikunjua kule juu, ikawa pana kuliko nchi, nyembamba hata isionekane. Mwale uliokuwa juu ya mguu wake ukapoa. Ukabaki mwanga tu.

"Mwanangu sijui nitambeba kwa kitu gani," akasema, uchungu ukamkamata, wakamlaza.

Ndipo Nakijwa akashika miti mwenyewe, na akawaita wote. Watu thelathini na watano wakaja, wakapokezana naye, watatu watatu, wanne wanne. Waliosema walisema, waliotukana walitukana, jasho na machozi yao yakaingia katika mvukuto. Na ule ufa uliolala miaka mingi ukaamka. Mlima ukapumua kwa mngurumo, mfuko ukajaa kabla haujavutwa, hewa ikatoka nzito, yenye unyevu na makelele ya watu, ikaisukuma ile nyingine yote juu, ikalala juu ya ardhi na kujaza mabonde. Walivukuta mpaka hewa iliyokuwa nje ikalingana na iliyokuwa ndani, na mlio wa mlangoni ukakoma. Hapakuwa tena na ndani wala nje.

Katika utulivu huo mtoto akalia. Alikuwa wa kike. Kilio chake kilitoka mlangoni, kikavuka bonde, kikagonga mlima wa pili, kikarudi. Hakuna mtu wa Kirindi aliyewahi kusikia sauti ikienda mbali hivyo na kurudi.

Lakini kilio ni kilio, na desturi ni ya zamani kuliko akili. Macho yote yakamgeukia Nakijwa. Kallaghe naye, bila kujua afanyalo, alikwenda mlangoni akainua mkono mahali ambapo pembe ya ngozi ilikuwa zamani, akausimamisha hewani, ameshika kitu kisichokuwapo.

Nakijwa akaachia mvukuto. Akajifuta uso.

"Sheria ni yenu," akasema. "Natoka. Lakini siinami."

Akapita chini ya mkono wa Kallaghe, kichwa juu. Akatembea hatua thelathini, akafika kwenye shimo la Senzota. Pumzi aliyoibana ikamwishia. Watu wote mlangoni waliona mabega yake yakishuka, kisha yakapanda. Akavuta hewa. Akaitoa. Akavuta tena.

Aliinua macho. Mbingu haikuwa nyeusi. Ilikuwa na rangi ambayo haikuwa na jina bado, kwa kuwa nuru ya jua ilipoingia katika ile hewa ilitawanyika kila upande, na nyota zikafichwa nayo. Jua lilikuwa palepale, dogo kuliko alivyolijua.

"Haya," akaliambia kwa sauti. "Niko nje. Nichukue."

Alisubiri. Kisha akaketi chini pembezoni mwa lile shimo, akanyoosha miguu juani kama mtu aliye uani kwake.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Semvua, ambaye alitoka mbio. "Shemeji," akasema akihema, "ile ya kwanza kabisa ni yangu. Wasije wakasahau."

Hawakusahau. Kuanzia asubuhi ile hadi leo hewa ya dunia iko katika matabaka matano, kila moja na mwenyewe. La chini ni la Nakijwa na watu wake, zito, lenye unyevu na fujo. Humo mna upepo, mawingu, mvua na sauti zote, na humo tunapumua. Juu yake ni la Nanzia, lililotulia, nalo lina ile mbeleko inayopokea ukali wa jua usitufikie. Ndiyo sababu upande wake wa juu una joto, na ndiyo sababu ikichakaa mahali fulani wanaoumia hapo ni wenye ngozi. La tatu ni la Kallaghe, baridi kuliko yote. Mawe ya juu huteketea humo, nasi huona mstari wa mwanga tu. Mlango ule bado una mshika ngozi. La nne ni la Mauya, lina joto kali lakini ni jembamba mno hata lisingempasha mtu mikono joto. La tano ni la Semvua, halina mwisho unaojulikana, na kila siku kidogo chake hupotelea kwenye nyota.

Ndiyo sababu pia mtu akipanda mlima mrefu kifua humbana. Hewa nyingi waliiacha chini, walipo watoto. Na ndiyo sababu wahunzi wa upande ule, kabla ya kuwasha moto, huvukuta mara tano kuelekea mlangoni bila kaa la moto. Mwenye kuuliza huambiwa mlima usiachishwe ziwa.

Kallaghe hakushika tena ngozi. Alichimba kaburi la baba yake penye mifupa aliyoikuta hatua tisa kutoka mlangoni, na akalizungushia mawe. Hesabu ya watu wa Kirindi haikusomwa tena.

Nakijwa aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile. Alikufa kwa uzee, nje, mchana.